Kuku Aliyekuja Nami Itebero

Kwetu, kwenye vilima vya Nyabiondo, msichana hakuondoka kwa baba yake mikono mitupu. Alipewa kuku. Shangazi ndiye aliyemchagua, mtetea aliyekwisha kutaga na kulea, akamfunga miguu kwa ukamba wa mgomba na kumweka kwenye kitunga, juu ya nguo na viazi vya kula njiani. Wangu alikuwa wa rangi ya majivu, shingo haina manyoya, mbaya wa sura kuliko kuku wote wa shangazi yangu. Mimi nilikuwa nimemtamani yule mweupe. Nilinuna, na enzi zile nilijua kununa kweli kweli.

"Muzuri njo anakufaka mbele," shangazi aliniambia. "Huyu mubaya ataona bajukuu yako."

Nikambeba mgongoni kutoka mlimani hadi Itebero, ndani ya msitu wa Walikale, kwa mume ambaye nilikuwa nimemwona mara chache tu. Ilikuwa miaka ile Wazungu walipopigana vita kwao, na wanaume wetu huku wakasukumwa msituni kutafuta mpira wa porini. Mwenye kurudi na kidogo alipigwa na kapita, msimamizi wa mpira, mbele ya watu. Mume wangu aliishi huko zaidi ya nyumbani, akirudi amekonda, ananuka moshi na utomvu, analala, anaondoka tena.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, husema watu, na siku zile wageni wenye kamba tulikuwa wawili. Mtetea alifungwa kwenye nguzo ya jiko mpaka apazoee. Mimi nilifungwa na macho ya mama mkwe. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, mgumu kama kuni ya mti wa msituni, na ulimi wake haukupumzika hata akila. Nilipika sombe, majani ya muhogo, akasema kwetu mlimani tunapikia ng'ombe. Nilifagia, akasema ninachora. Kuku wangu alipoanza kutaga, akatotoa, akatembea kifua mbele na vifaranga vyake, mimi nikiwa nimepoteza mimba ya kwanza, mama mkwe alisimama katikati ya lupango, ua wa nyumba zetu zote, akapiga makofi.

"Hii kuku iko na akili kukupita," alisema. "Inataga, inatotoa. Weye je?"

Nilimchukia. Nasema hivyo hivyo, nilimchukia, na kuku pia nilimchukia siku ile.

Mkubwa wa lupango alikuwa mdogo wa marehemu baba mkwe. Sote tulimwita Papa. Alikuwa amebatizwa, alivaa medali shingoni, na Jumapili aliongoza sala kwa sauti iliyofika mtoni. Lakini mambo ya nyumba aliyashika kama alivyoyakuta kwa baba yake. Kuku aliyekuja na mwanamke, alisema, anatembea pamoja na tumbo la mwanamke huyo. Mpaka mtoto wa kwanza azaliwe, kuku hachinjwi wala hapewi mgeni. Na akifa mwenyewe wakati mwanamke ana mimba, basi mwanamke halali tena hapo na mimba yake. Anachukua mzoga wa kuku wake, anarudi nao kwa baba yake kwa miguu, aombewe na apewe kuku mwingine. Papa hakuwa mtu mkatili. Aliamini kwamba kifo kikiingia kwa mlango wa kuku hakitoki bila kutafuta cha pili, naye alikuwa na watu wengi wa kulinda.

Jambo lingine lilikuwa la kila mahali, la kwetu mlimani na la huku msituni. Mwanamke hakula kuku, wala yai. Sisi tulimlisha, tukamfukuzia kicheche na mwewe, tukazoa kinyesi chake asubuhi. Wanaume wakala mapaja. Niliwahi kusema kwa sauti kwamba huu ni uonevu, mama mkwe akanitupia ganda la muhogo.

Mimba ya pili niliiacha njiani. Nilitumwa kumpelekea mume wangu chakula kwenye kambi ya mpira, mzigo wa ndizi na muhogo kichwani, mvua ikanikuta kati ya mito miwili, nikateleza, nikaamka, nikaendelea kutembea kwa sababu hapakuwa na la kufanya zaidi ya kutembea. Damu ilianza kabla ya jioni. Tangu hapo najua njia ya msituni inamfanyia nini mwanamke mwenye tumbo. Na njia ya kwenda kambini ilikuwa fupi. Ya kurudi Nyabiondo ilikuwa siku na siku, magogo yaliyooza juu ya mito, matope ya magoti, kisha mlima.

Mimba ya tatu ilishika. Ilikua, ikapanda, ikaanza kupiga teke. Miguu ilinivimba mpaka nikawa natembea kama nakanyaga kitu cha mtu mwingine. Mimba niliishika kwa rozari, na niliishika pia kwa kumwangalia yule kuku mbaya kila asubuhi kama yuko mzima. Nilimpa ngazi, kokwa za mawese, zilizopondwa, nikamfungia ndani mvua ikinyesha, nikamlisha mchwa kwa mkono. Alinenepa. Kwetu mlimani kuku hushinda njiani wakidonoa udongo mweupe wa ukingoni, hawapati nafasi ya kunenepa. Mimi nilimpenda kwa mafuta, na sasa nadhani mafuta yale ndiyo yalimfunga, ingawa siku zile nani angeniambia.

Asubuhi moja nilimkuta kwenye kona ya jiko, amesimama wima kupita kawaida, mkia umeinama, mabawa yamelegea. Nilimmwagia ngazi. Hakuangalia. Aliingia kwenye kiota chake cha majani makavu, akakaa, akajikaza mpaka shingo ile tupu ikageuka nyekundu, akatoka bila kitu. Akarudi. Akajikaza tena. Mkia ulikuwa unapanda na kushuka na mdomo umefunguka.

Nilikaa chini polepole, tumbo likinizuia, nikamshika. Chini ya mkia, ndani, kidole changu kilikuta kitu kigumu, kikubwa. Yai lilikuwa limefika mlangoni na kukwama.

Papa alikuwa ameondoka alfajiri na wanaume wawili wa nyumba kukagua mitego, alisema atarudi mangaribi, jua likizama. Mume wangu alikuwa kwenye mpira. Mama mkwe alikuwa mtoni akiloweka muhogo. Nilikuwa na kuku, na mchana mmoja.

Nilifanya jambo la kijinga kwanza. Nilimfunika kwa kitunga, nikakaa juu ya kigoda mbele yake, nikaanza kuchambua maharagwe ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Mama mkwe aliingia na maji yakimchuruzika miguuni. Aliniangalia mimi, akaangalia maharagwe, akaangalia kitunga.

"Unafichaka nini pale?"

"Hapana kitu, Mama."

Kuku akatoa sauti ndani ya kitunga, sauti nyembamba, ya kuvutwa. Mama mkwe alisogeza kitunga kwa mguu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi sikuhitaji mtu wa kunikumbusha siku ile. Nilibubujikwa na machozi.

"Yai imekatala kutoka," nilisema. "Itakufa, Mama. Papa atanirudisha."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeyaandalia moyo, maana alikuwa na matusi ya kila kitu, ya moshi, ya mvua, ya chumvi. Badala yake alichuchumaa, akamgeuza kuku, akamnusa. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikukijua.

"Weka mayi kwa moto," alisema. "Isikuwe ya kuunguza. Ya kuoga mutoto."

Nikaweka maji. Yalipopata joto nikayamimina kwenye bakuli la udongo, tukamkalisha kuku ndani mpaka tumboni, mimi nikimshika mabawa, yeye akimwagia mgongo kwa kiganja. Kuku hakupigana. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu yule kuku alikuwa amewahi kumng'oa Papa ngozi ya kidole. Alikaa tu kwenye maji, macho yanafumba kutoka chini kwenda juu. Maji yalipopoa tukaweka mengine. Moshi ulijaa jiko. Nilikuwa nasema Salamu Maria moja juu ya nyingine, sijui hata kama nilizimaliza.

Tulimfuta kwa kitenge changu cha zamani. Mama mkwe akachota mafuta ya mawese, akayapasha moto kwenye kijiko, akayajaribu kwenye kifundo cha mkono wake. Kisha akasita. Mwanamke yule alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa Itebero, lakini alikuwa hajawahi kugusa yai likiwa ndani ya kuku. Alinyoosha kidole akakirudisha.

"Nitafanya mimi," nikasema.

"Weye na ile tumbo unainama namna gani? Shika miguu."

Akatia mafuta. Akatia kidole taratibu, akazungusha pembeni mwa yai, akaongeza mafuta, huku mkono wa pili ukipapasa tumbo la kuku kutoka mbele kwenda nyuma. Na akaanza kumsemesha. Sijawahi kumsikia akisema na mtu kwa sauti ile.

"Sukuma, mama. Sukuma kidogo. Pumua. Sasa sukuma."

Kuku akajikaza. Nikaona weupe. Nasema niliuona, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, weupe wa yai ukitokeza kwenye wekundu. Nikapiga kelele. Kuku akashtuka, akavuta pumzi, na weupe ukarudi ndani.

"Funga kinywa!" mama mkwe alinifokea. "Mwanamuke gani analia mbele ya mwenye kuzala?"

Nikafunga kinywa. Tulingoja. Tukampeleka kwenye kiota, tukafunika kitunga ili apate giza, tukakaa pale wanawake wawili na tumbo langu. Jua lilikuwa limepita katikati. Mara mbili alijikaza mwenyewe na mara zote mbili weupe ulikuja na kurudi, na kila uliporudi alikuwa amepungua. Upanga wa kichwa ulianza kugeuka rangi ya ini. Nikasema tulivunje yai ndani, tulitoe vipande. Mama mkwe alitikisa kichwa. Kipande cha ganda kingemkata ndani kama kisu, alisema, angekufa haraka zaidi.

Tulirudia maji. Tulirudia mafuta. Mikono yetu ilikuwa myekundu kwa mawese mpaka viwikoni, sakafu inateleza, muhogo wa chakula cha wanaume haujatwangwa. Nilimwambia Mungu kwamba nikizaa sitagombana tena na mtu yeyote, ahadi ambayo hata yeye hakuiamini. Mtoto tumboni alikuwa anacheza. Kila alipopiga teke niliona mito ile miwili na mvua.

Kisha kichwa cha kuku kikalala juu ya mkono wangu, shingo tupu imenyooka, na pumzi zikaanza kuja moja moja.

Sikulia tena. Niliinuka, nikaingia nyumbani kwangu, nikachukua kitunga kilekile nilichokuja nacho. Nikatia kitenge kimoja, viazi, chumvi kidogo kwenye jani. Nilikuwa natafuta ukamba wa kufungia mzigo pale mama mkwe aliposimama mlangoni, kuku kifuani.

"Unafanya nini?"

"Ninajitayarisha. Papa anarudi mangaribi."

Aliangalia kitunga. Aliangalia miguu yangu iliyovimba. Nilidhani atasema nisisahau muhogo, kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

"Mimi pia nilikuyaka hapa na kuku," alisema. "Ilikufa. Mutoto yangu wa kwanza iko kwa ile njia. Nilimuzika na mikono, sikukuwa hata na jembe."

Miaka ile yote alikuwa hasindikizi mgeni kupita migomba ya mwisho, wengine wakiendelea na mgeni yeye anageukia pale pale na kurudi jikoni. Mimi nilidhani ni uvivu wa adabu.

"Iko na pumzi bado?" aliuliza.

Nikaweka sikio. "Ndiyo, Mama."

"Basi haiyakufa."

Akaenda nyuma ya jiko, akachukua kisu cha muhogo. Nilimfuata nikimwambia hapana. Mwanamke hachinji, kila mtu anajua, hata mbuzi mgonjwa alingoja mwanaume arudi. Alipiga magoti, akamkanyaga kuku mabawa kama alivyoona wanaume wakifanya, na akakata. Alikata vibaya, ilibidi akate tena. Kuku hakuwa na nguvu ya kurusha miguu.

Alifanya kila kitu haraka baada ya hapo. Maji ya moto yalikuwepo tayari. Alimnyonyoa, akampasua, na yai likaangukia kiganjani mwake likiwa zima, bila ufa, kubwa kupita mayai yote niliyowahi kuokota, ganda lake likiwa na mikwaruzo. Tuliliangalia. Kitu kidogo namna ile.

Akalitia kwenye chungu. Lilipoiva akalimenya mwenyewe, akalikata katikati. Lilikuwa na viini viwili.

"Kula," aliniambia.

"Mama, siwezi. Mimi na tumbo..."

"Kula. Mutu asiione. Wakiona yai batajua ilikuwa mugonjwa."

Nikala. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu yai kupita mdomoni. Nilidhani nitatapika. Lilikuwa tamu. Nilikula nikilia na lilikuwa tamu, nikalamba na vidole, na mpaka leo sijui nimwambie nani jambo hilo.

Yeye alikula kuku. Alikaa mlangoni pa jiko, mbele ya kila mwenye kupita, sahani ya bati mapajani, akala. Hakuwa na hamu hata kidogo. Nilimwona akisukuma nyama kwa maji, koo linakataa, macho yanamtoka. Alikula paja. Alikula kifua. Alikula mpaka mifupa ikawa mingi ya kutosha kuonekana, kisha akaipanga mbele yake chini. Mimi aliniambia nikae nyumbani, nisiseme neno ila nikiulizwa.

Papa alinusa kabla hajafika uani. Nilisikia wanaume wakinyamaza mmoja baada ya mwingine. Nikatoka mlangoni pangu, maana sikuweza kukaa.

"Nani alichinja?"

"Mimi," mama mkwe alisema.

"Kuku ya nani?"

"Ya muke ya mutoto yangu."

Papa aliweka mkuki chini. Alikuwa ameshika sungura wa msituni kwa masikio, naye akamsahau mkononi. "Na mwenye alikula?"

"Si unaona mifupa? Nilikuwa na njaa."

Hakuna mtu aliyecheka. Mwanamke wa umri ule, mjane wa kaka yake, mama aliyemzalishia watoto, amekaa mlangoni na mafuta ya kuku kwenye kidevu. Mmoja wa wanaume alitema mate pembeni. Papa alinigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mama, sema kweli. Ile kuku ilikuwa mugonjwa?"

Mama mkwe hakuniangalia. Alichukua mfupa akaufyonza.

"Hapana, Papa," nilisema. "Asubuhi ilikula vizuri."

Kuku aliyeliwa hakufa. Ameliwa tu, na kosa ni la aliyekula. Hiyo nayo ilikuwa sheria yake, na Papa alikuwa mtu wa kushika sheria zote, siyo moja. Kisha akasema mbele ya wote kwamba mwanamke yule atapika chungu chake peke yake, na hatapikia mwanaume wa lupango lile tena. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa habari ya mvua.

"Na mikono yenye ilikula kuku," Papa alisema, "haitashika mutoto wa hii lupango. Hata mumoja. Mpaka kufa."

Hapo ndipo aliacha kufyonza mfupa.

Mume wangu alirudi kutoka kwenye mpira akapewa habari kama kila mtu alivyopewa, kwamba mama yake amekula kuku wa mkewe kwa uroho. Aliona haya. Alimsalimia mama yake kwa mbali, akiangalia miguu yake mwenyewe. Nilitaka kumwambia. Mama mkwe alinishika mkono nyuma ya jiko, akanibana mpaka nikaumia.

"Ukisema, nilikula ile kitu bure," aliniambia. "Na ilikuwa ngumu!"

Uchungu ulinishika mvua ikiwa kubwa. Walikuja wanawake wawili wa jirani kunizalisha, wapole, waoga, mikono baridi. Mtoto alikaa vibaya. Nilijikaza na kurudi, nikajikaza na kurudi, na wanawake wale wakaanza kuangaliana juu ya magoti yangu. Niliiona ile rangi ya ini. Nilijua sasa ni zamu yangu.

Ndipo sauti ikapita kwenye ukuta wa matete, karibu kabisa na kichwa changu. Alikuwa amesimama nje, mvua inampiga, maana mlangoni alikuwa hana ruhusa.

"Sukuma, mama. Sukuma kidogo. Pumua."

Nikapumua.

"Sasa sukuma. Na ukilia mimi naingia, Papa aniue."

Alikuwa msichana. Alitoka akipiga kelele, mkubwa, mwekundu, kichwa hakina nywele. Mmoja wa wale wanawake akamwinua juu ili asikike nje. Nilisikia tu nyayo kwenye matope zikielekea jiko lile dogo la peke yake.

Nilipopata nguvu ya kwenda shambani, nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kuchimba muhogo. Mama mkwe alikuwa huko tangu asubuhi, kwenye mistari yake mwisho wa shamba, ambako msitu unaanza. Aliponiona alikaa chini, akaiweka mikono yake chini ya mapaja.

"Mushike, Mama," nilisema. "Hakuna mutu."

"Niliambiwa hapana."

"Mama!"

"Nilikula kuku, sikukula masikio. Nilisikia."

Hasira ilinipanda, ile ile ya msichana wa kununa. Nilikata jani la mgomba, jani bichi, pana, nikalitandika chini mbele ya magoti yake. Nikamfungua mtoto mgongoni, nikamlaza juu ya jani. Sikumpa mtu. Nilimweka chini tu. Kisha nikachukua jembe, nikawageuzia mgongo, nikaanza kuchimba.

Mtoto alilia. Nikachimba. Alilia zaidi, na mimi nikachimba shimo ambalo muhogo wake ulikwisha kutoka, nikalipanua, nikalichimba tena. Jasho lilinitiririka machoni. Kisha kilio kikakatika, na nikaendelea kuchimba bila kugeuka.

"Iko muzito huyu," nilisikia akisema. "Iko muzito kushinda kuku."